Triga nyepesi kwenye gobore: kwanini namuelewa mjomba

Binamu yangu wa Nachingwea ameagiza triga mpya ya gobore la baba yake, ambaye kwangu mimi ni mjomba, na mzee amekataa katakata isiguswe. Ndo ugomvi wenyewe. Binamu anasema triga iliyopo nzito mno, mzee anasema ndivyo inavyotakiwa iwe, na vijana karibu wote pale nyumbani wako upande wa binamu, mzee anaonekana king'ang'anizi wa mambo ya kale tu. Nimekaa nao siku tatu mwezi uliopita nikawasikiliza wote wawili na nimeona vijana hawamuelewi mzee kabisa, kwahiyo naandika. Gobore lina leseni, hilo nalisema mapema tusipotezeane muda.

Nianze na binamu maana hoja yake siyo ya kitoto. Tuliazima ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoano kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu kwenye gulio. Gobore tupu, mdeki, ile fimbo ya kushindilia, umeshushwa mpaka chini kuhakikisha hakuna kitu, fataki (kile kikofia kidogo kinachogongwa na nyundo kuwasha baruti) hakuna, na mzee mwenyewe akaweka kipande cha ngozi chini ya nyundo isigonge chuma kwa chuma. Tukapachika ndoano kwenye triga tukavuta taratibu. Mshale ukapita kilo 3, ukapita 4, nyundo ikaanguka kwenye 4 na nusu. Tukarudia mara tano, ni palepale au karibu na palepale. Afu binamu akalitundika gobore zima kwenye ndoano ileile, likasoma kilo 3 na robo tatu. Yaani kidole kimoja kinavuta uzito uliozidi bunduki nzima, na hiyo bunduki imeshikwa mkononi tu, haijaegemezwa popote. Unalenga nguruwe pori kwenye mihogo, unavuta, unavuta, haiendi, unaongeza nguvu, mtutu unainama au unakwenda pembeni na hapohapo ndo inalia. Nguruwe anapigwa paja badala ya bega. Na nguruwe aliyejeruhiwa siyo nguruwe aliyekimbia, huyo anajificha kwenye kichaka cha jirani na asubuhi watoto wanapita hapo kwenda shule. Kwahiyo binamu akisema triga nzito nayo ni hatari hadanganyi, nami namkubalia moja kwa moja.

Kitu alichoagiza ni ile triga ya pande mbili, zipo mbili zimefuatana. Unavuta ya nyuma kwanza, inalia ka, hapo umetega springi ndogo ya ndani, afu ya mbele ukiigusa kidogo tu springi inaruka na kugonga mtambo, nyundo inaanguka. Ni ufundi wa Wajerumani wa karne nyingi, wawindaji wao walikuwa nao, wahamiaji wakaubeba mpaka Pennsylvania kwenye karne ya 18, na kule St. Louis ndugu wawili Jacob na Samuel Hawken walitengeneza bunduki za namna hiyo kuanzia miaka ya 1820 kwa ajili ya watu waliokuwa wanakwenda milimani. Leo Wamarekani wanaopenda bunduki za kushindilia wana chama chao tangu 1933, kinaitwa NMLRA kwa kifupi, na uwanja wao uko Friendship huko Indiana. Binamu ameangalia video zao nyingi sana na kweli wanapiga vizuri, tundu juu ya tundu.

Sasa angalia wanavyopiga. Mtu anashindilia baruti na risasi kwenye meza ya nyuma, anatembea mpaka kwenye mstari na mtutu umeelekea juu, na fataki haipachikwi mpaka amesimama kwenye mstari anatazama shabaha. Triga inategwa akiwa ameshalenga. Kati ya kutega na kulia ni kama pumzi mbili tatu, na mbele yake hakuna mtu wala mnyama wa kumshtua.

Mjomba mambo yake ni mengine kabisa. Ni saa nane usiku, tochi iko mkono mmoja, mikorosho matawi yake yanashuka mpaka kifuani, umande, mizizi, na kuna kitu kinavunja vijiti mbele hujui ni nguruwe au ni jirani naye ametoka kulinda shamba lake. Gobore limeshashindiliwa tangu jioni na fataki iko juu yake, maana gizani hupachiki fataki kwa vidole vilivyoganda. Halina kile kitasa cha kuzuia kama bunduki za kisasa. Kuna vitu viwili tu vinavyolizuia lisilie, cha kwanza ni ile nusu, yaani ukivuta nyundo kidogo inalia mara moja na kushika, na cha pili ni uzito wa triga ukishaivuta nyundo mpaka mwisho. Basi. Ukilegeza hicho cha pili umebaki na kimoja.

Na hiki kimoja ndo kinaninyima usingizi, maana watu wanadhani triga ni kitu cha peke yake, unatoa ya zamani unaweka mpya kama unabadilisha balbu. Ndani ya mtambo kuna kipande kinachozunguka pamoja na nyundo, kina mapengo mawili, moja la nusu na moja la mwisho, na kuna ulimi wa chuma unaoingia kwenye hayo mapengo. Ukivuta triga ya kawaida kidole chako kinauinua ulimi na kinaendelea kuushikilia juu mpaka nyundo ifike chini, kwahiyo nyundo ikipita pale kwenye pengo la nusu ulimi haupo, uko juu umeshikiliwa na kidole. Triga ya kutega haifanyi hivyo. Yenyewe inaugonga ulimi mara moja, pa, na kuuachia. Nyundo iko njiani inaanguka na ulimi unarudi chini kwa springi yake, unakutana na lile pengo la nusu likiwa linapita kwa kasi, unaingia humo. Hapo ama nyundo inakwama katikati bunduki hailii, ama ncha ya ulimi inameguka, ama ukingo wa pengo unakatika kidogokidogo kila unapopiga.

Wale mafundi wa zamani walilijua hilo. Ndani ya mitambo yao waliweka kipande kidogo sana, unaweza kusema punje ya mchele, ambacho kinaziba pengo la nusu nyundo inapoanguka ili ulimi upite juu yake. Bunduki yenye triga mbili inatakiwa iwe na hiyo punje. Mitambo ya bei rahisi mingi haina, kwanini iwe nayo wakati haikutengenezewa triga ya kutega?

Kwahiyo ukipachika hiyo triga mpya kwenye gobore la mzee umelegeza kufyatua na wakati huohuo umeanza kula ile nusu, na hutaona kwa nje. Nyundo itaendelea kulia ka ukiivuta, itaonekana imeshika. Siku moja usiku kitako kinagonga kisiki na lile pengo limeshalika. Mtu anayetembea mbele yako ni nani? Kwa mjomba ni binamu yangu huyuhuyu, yeye ndo anatangulia na tochi.

Nilimuuliza mzee anaiamini vipi nusu yake. Hakujibu. Alilielekeza gobore chini, tupu, akavuta nyundo mpaka nusu, akanipa. "Mjomba, vuta." Nikavuta triga mpaka kidole kikaingia alama, haikutikisika. Akanichukulia, akafungua nyundo mpaka mwisho, akairudisha nusu taratibu, akanipa tena. Hivyo mara nne. Hajui jina la punje wala la ulimi ila anajua gobore lake linashikilia wapi, na kila jioni kabla ya kushindilia anafanya hivyohivyo.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalitaji. Triga ya kutega iliendana na mtutu wenye mifereji ndani, ile inayozungusha risasi iende mbali imenyooka, mtu anapiga mita 100 anataka asitikisike hata unywele. Gobore la kwetu mtutu wake laini, gololi inatoka inayumba, ukizidi mita 50 unabahatisha hata triga ingekuwa ya manyoya. Na siyo bahati mbaya kwamba tuna mitutu laini. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walikaa Brussels wakakubaliana kwamba kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta Mwafrika asiuziwe bunduki zenye mifereji wala za kisasa, zikaachiwa zile za gumegume, zinazowaka kwa cheche za jiwe, zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Lindi na Mtwara tuko kwenye nyuzi 10 kusini, yaani ndani kabisa ya huo ukanda. Miaka 15 baadaye Maji Maji ilipoanza Nandete kule Kilwa watu waliwakabili Wajerumani wenye bombomu, yaani bunduki za rashasha, na wao wakiwa na mikuki na magobore. Bunduki ya namna hii ilikusudiwa ibaki nyuma, huwezi kuitoa huko kwa kuibadilisha triga peke yake.

Tena mara nyingi mjomba halengi chochote. Anashindilia baruti tupu analipiga kuwatawanya nguruwe na ngedere, mlio unatosha. Tembo wakija, na upande wa Liwale na Nachingwea wanakuja, gobore haliruhusiwi wala halifai, hapo unawaita askari wa wanyamapori. Sasa kwa kupiga mlio triga nyepesi inakusaidia nini?

Ila mzee naye kuna mahali nampinga na nilimwambia. Alikuwa hataki mtambo ufunguliwe hata kusafishwa, kwa imani kwamba uzito wote ule ni usalama. Siyo wote. Sehemu ya zile kilo 4 na nusu ni kutu na mafuta yaliyoganda, na triga inayokwaruza inakwama leo inateleza kesho, hiyo haimlindi mtu. Triga safi siyo triga nyepesi, hivi vitu viwili vimechanganywa pale nyumbani na pande zote mbili. Ukisafisha unapunguza kukwaruza bila kugusa mapengo. Ukisaga pengo liwe fupi ili ifyatuke haraka, hapo umeshavuka, na fundi baiskeli asikudanganye kwamba ataweza, silaha ina sheria yake ya 2015 na anayeitengeneza anatakiwa awe na kibali.

Tulikubaliana hivyo na gobore likapelekwa kwa fundi mwenye kibali. Mtambo ulipofunguliwa mafuta ya ndani yalikuwa meusi, mazito kama ulimbo, na punje haikuwepo. Mapengo yote mawili yako salama, kingo zake bado kali. Likasafishwa likafungwa. Mama wa samaki akatuazima tena mizani, ikasoma kilo 3 na nusu, na ile nusu ya nyundo inashika vilevile. Binamu bado anaona tungefika kilo mbili na tumebishana mpaka usiku, ila triga yake ameirudisha kwenye boksi na lebo hajaitoa.