Eti samaki wetu wamezoea joto

Wiki iliyopita nimekaa saa tatu nzima kwenye semina ya uvuvi, ukumbi wa mjini, kiyoyozi kimetiwa nyuzi 18 mpaka akina mama wa mwani waliokaa nyuma wakajifunika kanga mabegani. Akasimama mheshimiwa mmoja, jina lake nalihifadhi, akatuambia tusibabaishwe na hizi habari za bahari kupata joto. "Samaki wetu wamezaliwa kwenye joto, wamezoea. Wa kuhurumiwa ni wa Ulaya." Ukumbi ukacheka. Makofi.

Haikupita robo saa umeme ukakatika. Wa kwanza kuvua koti na kujipepea kwa makabrasha ya semina nani? Yeye. Mzaliwa wa pwani, baba wa pwani, babu wa pwani. Naye si kazoea joto?

Maneno yale nimeyasikia sokoni, nimeyasikia redioni, na kila nikiyasikia roho hunipanda, kwa sababu yamekaa kama ukweli. Samaki wa kaskazini mwa Ulaya kila mwaka anaonja maji ya nyuzi 6 wakati wa baridi na nyuzi 17 au 18 wakati wa kiangazi. Mwili wake umefundishwa kupanda na kushuka. Wa kwetu, Kusi likivuma mwezi wa nane maji yako kwenye 25 hivi, Kaskazi likikolea mwezi wa tatu yako 29, 30. Basi, hapo ndipo dunia yake inapoanzia na kuishia. Anaishi chumba chenye dari fupi, utosi tayari unagusa boriti. Halafu wewe unamwambia asiwe na wasiwasi, amezoea.

Tulipokuwa watoto kule Jambiani, Unguja, maji yakipwa tulikuwa tukikamata visamaki kwenye vidimbwi vya mwamba tukavitia kopo la maziwa. Mchezo ulikuwa kuona cha nani kitafika nyumbani hai. Vyangu havikufika hata kimoja. Saa nne asubuhi vinazunguka vizuri. Saa sita, kopo likiwa juani, vinapanda juu na kutweta, mdomo wazi pale pale maji yanapokutana na hewa. Bibi alisema "vinataka kwao". Vilikuwa vinataka hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni miligramu 6.7 hivi kwa lita. Yakifika 30 inashuka mpaka kama 6.2. (Lita moja ya hewa tunayovuta sisi ina zaidi ya 250. Tunadeka tu.) Utasema tofauti ni ndogo. Lakini samaki hana moto wake mwenyewe, maji yakipata joto naye anapata, na mwili ukipata joto unakula oksijeni zaidi, mara nyingi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10. Yaani mfuko unapungua siku ile ile matumizi yanapopanda. Kila mwenye nyumba anaijua hesabu hiyo.

Na samaki hafi hapo hapo. Hilo ndilo linalotudanganya. Mwaka 2009 watafiti waliochukua samaki wa matumbawe wa Lizard Island, Australia, walitoa matokeo yao: jamii tano, maji ya kawaida ya nyuzi 29, kisha 31, 32, 33. Zote tano ziliathirika. Jamii mbili za visamaki vyenye macho makubwa, vile vinavyojificha mchana, zilipofika 33 zilikuwa karibu hazina akiba yoyote ya pumzi. Zinaishi, ndiyo. Lakini pumzi yote inaishia kwenye kuishi tu. Hakuna ya kumkimbia chewa, hakuna ya kufukuzia chakula, hakuna ya kutengeneza mayai. Ukipiga mbizi utaziona zipo, utatoka majini na kusema hakuna tatizo.

Nyuzi nne, basi.

Haya, najua nitakachojibiwa. Mbona mwatiko anafugwa kwenye mabwawa ya chumvi yenye maji ya moto na ananenepa? Kweli, mwatiko ni mgumu, namvulia kofia. Mbona visamaki vya vidimbwini vinavumilia jua la mchana? Vinavumilia kuliko wenzao wa nje ya mwamba, nakubali, ila navyo kila mchana wa bamvua vinachungulia mwisho wa uwezo wao. Na Ghuba ya Uajemi je, ambako ndugu zetu wanatuambia bahari ya kiangazi inafika 35 na samaki wapo? Wapo. Lakini ile Ghuba miaka 20,000 iliyopita ilikuwa nchi kavu. Bahari ikaingia pole pole, na samaki wamekuwa na maelfu ya miaka ya kuchujwa. Waliobaki ni jamii chache kuliko zile za upande wa pili wa mlango wa bahari wa Hormuz. Hata huko, joto la mwaka 2017 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Abu Dhabi. Sisi hatupewi maelfu ya miaka.

Tena tunazungumza habari za samaki mkubwa tu, yule wa sahanini. Mwaka 2020 kundi la wanasayansi lilichambua samaki jamii 694, wa baharini na wa maji baridi, likakuta wanaobeba joto kwa shida zaidi ni mayai na wazazi walio tayari kutaga. Samaki aliyekomaa anaweza kustahimili mengi ambayo yai lake haliwezi. Sasa mwambie mheshimiwa kwamba yai nalo limezoea.

Uvuvi wa kokoro na nyavu za macho madogo unamaliza samaki haraka kuliko joto, sibishi. Ila mwenye madeni mawili halipi moja akalisahau la pili.

"Basi watahama." Hili nalo! Wahamie wapi? Wa Ulaya akisogea kaskazini, nyuma yake anaingia wa kusini kuziba nafasi. Sisi tuko karibu na Ikweta, hakuna bahari ya moto zaidi ya kutuletea wageni. Akiondoka tasi, pale kwenye majani ya bahari mtego wa dema unaingia maji na kutoka na maji. Waulizeni hao akina mama waliokuwa wakitetemeka nyuma ya ukumbi: mwani ule mnene wenye bei nzuri umekuwa ukiwaoza mikononi maji ya pwani yakipata moto, na dawa waliyoambiwa ni kuupeleka kwenye maji ya kina. Wengi hawajui kuogelea.

Kina hicho hicho ndicho kinachomsumbua mjomba wangu. Ana ngalawa, tanga la viraka, na mshipi wake. Msimu wa Kaskazi uliopita aliongeza pima kumi za uzi ili amfikie changu pale pale alipokuwa akimpata miaka yote. Safari moja alitoka alfajiri akarudi alasiri na changu watatu na kibua mmoja. Nikamsimulia habari za semina na yule mheshimiwa. Akaniuliza kama kwenye bahasha ya posho tulitiwa na uzi.