Hadithi Haisimuliwi Mchana

Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba na dakika ishirini, nilikuwa nimeketi juu ya gunia tupu nyuma ya stoo ya vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi ya ukarani hapa Kisumu, nikisoma riwaya ya Kiswahili niliyoinunua kwa shilingi mia moja kutoka kwa mmoja wa wale wauzaji wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya barabara. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na chakula nilikuwa nimekwisha kula. Meneja wetu alipita akielekea getini, akasimama, akakitazama kitabu, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wenzangu wote kwamba mtu mwenye nafasi ya kusoma hadithi kazini ana kazi ndogo, na kwamba yeye atamtafutia nyingine. Alasiri hiyo niliagizwa kuhesabu upya mabati ya geji 30 ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyahesabu siku ya Ijumaa.

Sikumjibu. Mtu mwenye watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba inayodaiwa kila tarehe tano hajibu kila neno analoambiwa na mkubwa wake. Hata hivyo, neno lile nimelala nalo na kuamka nalo kwa siku sita, na leo ninalijibu.

Katika kundi letu mchana ule walikuwapo watu sita wengine, kila mmoja ameinamia simu yake, na watatu kati yao walikuwa wakifuatilia mechi walizowekea pesa. Hakuna aliyeambiwa kwamba kazi yake ni ndogo. Kisha meneja alipoondoka, kijana mmoja mpakiaji wa mizigo, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya, aliniuliza taratibu, “Mzee, kwani unajiandaa kwa mtihani gani?”

Swali la kijana huyu liliniuma kuliko maneno ya meneja, kwa sababu aliliuliza kwa nia njema kabisa. Katika Kiswahili chetu cha huku, kusoma ni shule. Tukisema fulani amesoma, tunazungumzia vyeti vyake. Tukimuuliza mtoto anasoma wapi, tunataka jina la shule. Wajaluo tulilichukua neno hilohilo, tukalifanya somo, na walioelimika tukawaita josomo. Usomaji ulitufikia pamoja na misheni, Kaimosi mwaka 1902 na Maseno mwaka 1906, na tangu mwanzo ulikuja umefungamana na kalamu, dawati na mshahara. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kwa miaka yote hiyo tulimfundisha mtoto kwamba kila ukurasa unaelekea kwenye karatasi moja ya maswali mwezi wa kumi na moja. Kijana huyu alifunzwa hivyo, akaamini. Alipomwona mtu wa miaka arobaini na saba ameshika kitabu, alitafuta mtihani, kwa maana hakuwahi kuonyeshwa sababu nyingine.

Mimi nilibahatika kuonyeshwa sababu nyingine, tena na mtu ambaye hakujua kusoma. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani, aliishi Seme, mahali ambapo ukipanda kidogo unaliona jabali la Kit Mikayi. Babu alikuwa kibarua wa reli huko Nakuru, akiishi katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, na barua zake zilikuja mara moja kwa mwezi, mara nyingine mara moja kwa miezi mitatu. Likizo za shule zilipofika, kazi yangu ilikuwa kuzisoma. Dani alizihifadhi katika mkebe wa mafuta ya kupikia, zimekunjwa vizuri, na kila barua mpya ilipokuja alizitoa pia za zamani, nizisome zote kwa mfuatano. Aliketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, macho ameyafumba. Nikisoma upesi alinisimamisha. “Nyakwara, mjukuu wangu, babu yako haongei mbio namna hiyo. Rudia.” Nami nilirudia, na kwa kurudia nikaanza kusikia katika maandishi sauti ya mtu ambaye nilikuwa nimemwona mara chache sana maishani. Sijawahi kupata mwalimu wa kusoma aliyemshinda mwanamke huyu.

Usiku, baada ya barua, ilikuwa zamu yake. Dani mwenyewe alilelewa katika siwindhe, ile nyumba ya bibi kizee ambaye Wajaluo humwita pim, ambamo watoto wa boma walilala na kufunzwa kwa hadithi na vitendawili. Siwindhe sikuikuta, lakini nilikuta kilichobaki ndani ya Dani. Kwake ndiko nilikomsikia Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi aliyemnasa bibi kizee katika wavu wake, akatajirika kwa ajili yake, kisha akalewa na kumtukana, na ng’ombe wote wakamfuata bibi yule kurudi ziwani. Ndiko nilikosikia habari za Simbi karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama kwa sababu watu waliokuwa wakisherehekea walimfukuza mwanamke mzee aliyekuja kuomba hifadhi, na leo pale kuna ziwa dogo la kijani ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kulitazama. Hadithi zote mbili zinamwadhibu mtu aliyemdharau asiye na cheo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa saba katika miaka ishirini na mbili, na ninatamani kwa dhati kwamba wote wangelala katika nyumba zilizosimulia hadithi hizo.

Hapa ni lazima nikubali jambo ambalo nisingependa kulikubali. Mila yenyewe, kwa nusu yake moja, iko upande wa meneja. Tulipokuwa tukipukuchua mahindi mchana na kumwomba Dani atusimulie, alikataa kila mara. Alisema hadithi haisimuliwi mchana, na kwamba mtoto anayesimulia mchana hakui, atabaki mfupi hivyohivyo. Wenzangu wa Vihiga na Butere wananiambia kwamba nyanya zao pia waliwakataza. Nilipokuwa mtu mzima nilielewa hekima ya mwiko ule: katika siku ya palizi, hadithi moja nzuri inasimamisha majembe kumi, na magugu hayasubiri mwisho wa hadithi. Wazee wetu waliijua nguvu ya hadithi kuliko meneja wangu anavyoijua, na ndiyo maana waliiwekea saa.

Lakini mwiko ule ulikuwa na upande wa pili, na huo hakuna mwajiri anayeukumbuka. Kama ulivyoilinda kazi dhidi ya hadithi wakati jua limewaka, ndivyo ulivyoilinda hadithi dhidi ya kazi baada ya jua kuzama. Jembe lililokwisha kusimamishwa ukutani jioni halikuchukuliwa tena hadi alfajiri. Hakuna aliyemtuma mtoto kutoka mbele ya pim akapalilie, wala hakuna aliyemwita mwanamume kutoka duol, kile kibanda cha wanaume cha kuzungumzia, akaelezee alivyolima. Jioni ilikuwa na mwenyewe. Mchana ulikabidhiwa kazi yote kwa sababu usiku ulikabidhiwa hadithi yote, na anayetaka kuushika mwiko kwa upande wa mchana hana budi kuushika pia kwa upande wa usiku.

Sasa na nieleze usiku wangu. Stoo inafungwa saa kumi na moja jioni, lakini hesabu ya simiti haiishi kabla ya saa kumi na mbili, na nikishasubiri matatu ijae ninafika nyumbani Kondele karibu na saa mbili. Ninakula. Saa tatu simu inaanza kulia: kundi la kazi, ambalo kila mmoja wetu aliingizwa bila kuulizwa, linataka kujua nani alitia sahihi mzigo wa Siaya, mifuko mingapi ya kilo 50 imelowa, kwa nini misumari ya inchi tatu imepungua. Ujumbe wa saa nne unataka jibu saa nne, na asiyejibu huulizwa asubuhi mbele ya watu. Jumapili mbili zilizopita niliitwa kutoka kanisani kwa ajili ya ufunguo. Ninamkumbuka babu katika landi za Nakuru. Reli ilipofika ziwani hapa Kisumu mnamo Desemba 1901, ilileta kazi inayopimwa kwa saa, na kazi hiyo ilikuwa ngumu, mara nyingi ya dhuluma, lakini zamu yake ilipokwisha ilikuwa imekwisha. Aliweza kuketi akaandika barua ya kurasa tatu, kwa mwandiko uliotulia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kumfikia hadi king’ora cha kesho. Kurasa tatu! Mimi, mwenye elimu kuliko yeye, sikumbuki ni lini niliandika kurasa tatu za kitu chochote kisichokuwa ripoti ya bidhaa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inanipa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na likizo ya siku 21 kwa mwaka, na ninaishukuru. Mwaka 2022 ulipelekwa Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na jumbe za kazi nje ya saa za kazi, na shirikisho la waajiri likaupinga. Ninafahamu kwamba ziko kazi zisizoweza kulala, kama hospitali, umeme na zimamoto. Simiti inaweza kulala.

Kwa hiyo ile saa moja ya chakula ndiyo jioni yangu. Nimebakiwa na hiyo tu. Ninaposoma pale juu ya gunia ninaushika mwiko wa Dani kadiri ninavyoweza, kwa kuwa kazi imesimama, majembe yamewekwa chini, na muda ule kwa haki ni wangu. Mtu asidhani pia kwamba ninakimbilia vitabu kwa sababu kazi yenyewe hainishughulishi kwa kusoma. Ninasoma kutwa: leja, risiti, hati za mizigo, namba zilizopigwa muhuri kwenye mabati. Maandishi hayo hupita machoni na kutoka, na jioni hayajaniachia chochote zaidi ya maumivu ya kichwa. Kurasa kumi na mbili za riwaya huniachia mtu ninayemfikiria hadi Kondele.

Wanaosema kusoma ni kazi ya wasio na kazi, na wawatazame walioandika. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika tangu 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akawa karani katika idara nyingine. Alikuwa karani kama mimi, akihesabu mizigo ya watu. Grace Ogot wetu, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa muuguzi na mkunga, akafanya kazi katika hospitali ya Maseno kabla riwaya yake ya kwanza haijachapishwa mwaka 1966. Baba yake alimpa hadithi za Agano la Kale, nyanya yake akampa za kwetu, na yeye akazibeba zote mbili hadi wodini na kurudi. Watu wa namna hiyo hawatoki katika nyumba ambazo simu inaamrisha hadi saa nne.

Wapo pia jamaa zangu wanaosema vitabu si mila yetu. Kwao nina jibu fupi. Mwaka jana, katika mazishi ya shangazi yetu, walinipa mimi karatasi ya wasifu wa marehemu niisome chini ya hema, kwa kuwa eti mimi ndiye msomaji, na watu waliokuwa wakiongea tangu asubuhi walinyamaza wote, mpaka na vijana wa boda waliokuwa nje ya ua wakazima pikipiki zao. Niliisoma polepole, kama Dani alivyonifunza, na nilipofika kwenye majina ya watoto wake waliotangulia nililazimika kusimama kidogo. Mzee mmoja alinishika mkono baadaye, akasema, “Tumemsikia.” Hakuna aliyesema kusoma kule kulikuwa kwa wageni.

Kuhusu bei, nitasema neno moja tu. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ikuze utamaduni kwa njia ya fasihi na maktaba, na miaka mitatu tu baadaye sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ikaweka asilimia 16 juu ya vitabu. Ndiyo sababu ninanunua mitumba.

Nyumbani tumekubaliana na mama watoto kwamba simu yangu itazimwa saa tatu kamili, siku nne kwa wiki, nami nitalibeba lawama la asubuhi. Tumeanza Alhamisi. Binti yetu mdogo alichagua habari za Luanda Magere wa Kano, yule shujaa ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini, na tulipomaliza nikamfundisha kufunga hadithi kama tulivyofunga sisi: Thu tinda, na nikue nifikie urefu wa mti ulio kwa mjomba wangu. Aliniuliza ni mti gani, na ni mjomba yupi. Tulikaa hadi saa nne tukimtafuta mjomba.

Huko stoo nimehamia karibu na geti, chini ya mwarobaini, ambako hakuna asiyeniona. Riwaya imebakia kurasa 84. Kijana mpakiaji huja na sahani yake siku hizi, anaketi, na kabla hajaanza kula ananiuliza nimefikia wapi.