Nafplio kwa dakika 90? Hapana

Jamani naandika hii na hasira bado haijaniisha. Wiki iliyopita tulienda Nafplio, Ugiriki, na basi la watalii lililotutoa Athens likatupa dakika 90 tu. Dakika 90! Mji ambao ndo ulikuwa makao makuu ya nchi mpaka 1834 walipohamia Athens, unaambiwa piga picha, kula aiskrimu, rudi kwenye gari.

Wenzangu nikawaacha pale ufukweni wanapiga selfi, kile kingome cha Bourtzi kiko nyuma yao katikati ya maji, mi nikashika vichochoro kutafuta kanisa la Mtakatifu Spyridon. Ni kadogo, ukiwa na haraka unalipita hivihivi. Hapo mlangoni ndo alipouliwa Ioannis Kapodistrias, gavana wa kwanza wa Ugiriki, tarehe 9 Oktoba 1831, anaenda zake kusali. Pembeni ya mlango kuna alama ya risasi kwenye jiwe, wameifunika na kioo. Nilisimama pale mwili ukanisisimka, maana waliomuua hawakuwa Waturuki waliowatawala Wagiriki kabla ya uhuru, walikuwa watu wake, Konstantinos na Georgios wa ukoo wa Mavromichalis, ndugu na mtoto wa Petrobey, mkuu wa ukoo huo, ambaye Kapodistrias alikuwa amemweka ndani, watu waliopigania uhuru huohuo, na nchi yenyewe bado changa hata haijakaa sawa. Sisi tunaotoka nchi ambazo babu zetu wanaikumbuka siku bendera ilipopandishwa, habari kama hii inatuingia moja kwa moja. Halafu basi zima hakuna hata mmoja aliyepelekwa kuiona! Hatua chache tu toka kwenye maduka ya zawadi!

Sawa, jua lilikuwa kali, na wengine walikuwa na watoto, hilo siwalaumu. Na hoteli wikendi bei inapanda watu wa Athens wakijaa, nakubali. Ila lala hata usiku mmoja. Asubuhi na mapema panda Palamidi, ngazi wenyeji wanasema 999 (magoti yakisumbua kuna barabara ya gari), ngome ambayo Wavenisi (watu wa Venice, Italia) waliimaliza 1714, mwaka uliofuata tu Waturuki wakaichukua, na humo ndo alifungwa Kolokotronis, jenerali aliyewapigania Wagiriki uhuru wao. Shuka taratibu uone na ule msikiti wa zamani walioufanya bunge.

Nilirudi nimechelewa, dereva anapiga honi, watu wamenuna. Dada niliyekaa naye akaniuliza nimenunua nini huko juu. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya lile jiwe na kioo chake. Akaikuza, akaikuza tena, akauliza hii nini. Tumefika Korintho bado namwelezea.