Acheni kuzisugua peni za watu

Jumamosi iliyopita nilikuwa Muheza kwa shangazi yangu. Shikamoo, marahaba, chai na mihogo ya kuchemsha, halafu shangazi akaniambia nifumbe macho. Mtu wa miaka sabini na ushee akikuambia fumba macho, unafumba. Nilipofumbua, mezani palikuwa na sinia, na kwenye sinia peni za tundu, zile sarafu za senti kumi za enzi za mkoloni, mia mbili na hamsini, zinawaka kama sufuria za harusini.

"Nimekusafishia, mwanangu. Zilikuwa zimefungwa makaratasi tangu enzi za marehemu babu yako. Nimezipiga majivu na ndimu siku mbili."

Nikasema asante. Nikasema zimependeza. Nikaomba ruhusa ya kwenda uani, nikasimama chini ya mfenesi mpaka pumzi ziliporudi mahali pake. Shangazi hagombezwi. Kwa hiyo mtakaogombezwa ni ninyi.

Babu alikuwa na duka jirani na mashamba ya katani. Siku ya mshahara watu walimiminika dukani, kila mmoja anataka chenji, na mwenye duka asiye na chenji alikuwa anamfungulia jirani yake biashara. Basi babu alichukua peni benki zikiwa mpya, akazifunga hamsini hamsini kwa karatasi ya kaki. Msokoto mmoja, shilingi tano. (Ndiyo, neno ni msokoto. Najua mnachokifikiria. Tuendelee.) Mwaka 1966 zikaja senti zetu zenye sura ya Mwalimu, na misokoto sita ikabaki ndani ya kasha, chini ya kanga na hati za shamba. Miaka sitini. Hazikuingia mfukoni, hazikushikwa na mkono wenye jasho, hazikutungwa kwenye kamba kama shanga. Kisha zikakutana na ndimu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila mtu ananiambia "si zimeng'aa?"

Sarafu inapopigwa kiwandani, shaba inasukumwa kwa nguvu kutoka katikati kuelekea ukingoni, na inapokimbia hivyo inaacha vijistari vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja. Linachoona ni kazi yake. Shika peni ambayo haijatumika, ishike ukingoni, usiguse uso, iinamishe taratibu chini ya taa. Mwanga unazunguka kama spoku za baiskeli inayotembea. Ukiiona mara moja hutaisahau, na hutadanganywa tena. Ndimu inakula vile vijistari. Majivu yanachana vilivyobaki. Kinachotoka hapo kinang'aa, sikatai, lakini kinang'aa kama kipara: mwanga umetulia mahali pamoja, hauendi popote. Na rangi yenyewe si ule wekundu wa shaba mpya, ni rangi ya ufizi. Baada ya miezi michache itaanza kuwa kahawia kwa mabaka mabaka, na hakuna dawa duniani ya kuirudisha ilikotoka. Wekundu wa kwanza ukishatoka umetoka.

Mtu ataniambia mbona hata sufuria husuguliwa. Sufuria inapikiwa, ndugu yangu. Ugonjwa huu ni uleule wa mtu anayerithi mlango wa nakshi Mji Mkongwe, akaona umefifia, akaupiga rangi ya mafuta ya kijani ili wageni wajue nyumba ina watu.

Na kinachouma zaidi ni kwamba peni iliyochakaa ina heshima yake. Imenunua chumvi, imenunua kiberiti, imeanguka kwenye sakafu ya duka na mtoto akaifukuzia. Nimewahi kuzikuta zimegongomelewa kwenye bati, msumari umepita kwenye tundu, zinazuia mvua isiingie. Hiyo ni kazi ya halali. Peni ambayo haikuguswa nayo ina heshima yake, ya namna nyingine. Iliyosuguliwa haina huku wala kule. Mkusanyaji anaitazama sekunde mbili, anairudisha kwenye sinia, anaomba maji ya kunywa.

Nilipotulia nikamuuliza shangazi kwa adabu, wazo la ndimu alilipata wapi. Binamu yangu alimwonyesha video kwenye simu. Sarafu ya tundu ya 1936, milioni thelathini, mradi iwe "safi". Na kweli, kwenye kikopo cha vifungo shangazi alikuwa nayo moja, imechakaa mpaka herufi zinasomeka kwa imani. Nayo alikuwa ameisugua.

Hadithi ya 1936 ni tamu, ndiyo maana matapeli wameing'ang'ania. Edward VIII alishika ufalme Januari mwaka huo na Desemba akauacha ili amwoe mwanamke aliyempenda. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini sarafu ndogo za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, na penye tundu hapakai sura ya mfalme. Paliwekwa taji juu ya tundu, jina limezunguka, na upande wa pili pembe mbili za ndovu. Hakukuwa na haja ya kumsubiri achongwe pua yake. Kwa hiyo jina la mfalme ambaye kwao sarafu yake haikununua hata pipi lilizunguka Tanga, Mombasa na Kampala kwenye pindo za kanga.

Nzuri, eh? Lakini zilipigwa kwa mamilioni. Mamilioni! Kila mwenye bibi aliyekuwa na kikopo ana nafasi ya kuwa nayo. Ukitaka sarafu ya kupigia watu simu usiku, tafuta ile ya dhahabu ya rupia kumi na tano yenye tembo, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 wakiwa wamezingirwa. Hata hiyo, za bandia ziko tele. Huyu wa kwenye video anakuomba kwanza ada ya usajili. Yaani tajiri mwenye milioni thelathini za kununua peni yako, hana elfu thelathini za kujilipia fomu. Na watu wanatuma! Binamu yangu alituma. Sasa simu haipokelewi, na peni za babu zimeoga ndimu.

Wanaozipitisha laminesheni, Mungu anawaona.

Wanaozibandika gundi kwenye albamu, hali kadhalika.

Nikubali jambo moja, tena shingo upande: si kila kitu kinachogusa sarafu kinaiua. Zikiwa na gundi au grisi, asitoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, inaondoa uchafu bila kuingia kwenye shaba. Unachovya, unatoa, unaacha ikauke yenyewe. Hufuti. Ukikuta nukta za kijani, hasa sisi wa pwani na hewa yetu ya chumvi, mpelekee anayejua kabla hujashika chochote. Na nikiwa kwenye maungamo: nikiwa darasa la sita niliisugua kwa dawa ya meno ndururu, yaani senti tano, ya 1943 yenye herufi SA, zile zilizopigwa Pretoria wakati wa vita. Ninayo mpaka leo. Iko peke yake kwenye droo, haina ruhusa ya kukaa na wenzake.

Mtakuwa mmeshapiga hesabu. Misokoto sita, peni mia tatu. Kwenye sinia mia mbili na hamsini.

Ndimu ziliisha.

Shangazi aliutoa msokoto wa sita kabatini akiwa na haya, kama mtu anayeonyesha kazi ambayo hakuimaliza, akaahidi kuumalizia Jumatatu, siku ya gulio. Nikamwambia asijisumbue. Nikamwambia mara tatu. Nikaufunga kwenye leso na kuupakata njia nzima mpaka Dar, konda akiniangalia kama nimebeba yai.

Kuna wakusanyaji watakaoniambia msokoto usifunguliwe kamwe, thamani iko kwenye karatasi. Sawa, lakini mkunjo ule aliukunja babu yangu, si benki, na mimi nina macho. Ukiuelekeza kwenye dirisha unaona mwanga mwembamba unapenya kwenye matundu hamsini, umepinda kidogo katikati. Jana usiku nikafungua upande mmoja. Ya kwanza kahawia, ndiyo iliyokuwa imegusana na karatasi na hewa. Ya pili kahawia yenye wekundu pembeni. Ya tatu nusu kwa nusu. 1956, jina la Malkia Elizabeth, zote sawa, hakuna herufi ya ajabu, hakuna Edward, hakuna milioni.

Ya nane ikatoka nyekundu yote. Nikaishika ukingoni, nikaiinamisha chini ya taa ya mezani, mwanga ukaanza kuzunguka. Nikamwita mwanangu aje aone. Nikamwambia anawe mikono kwanza, ajifute vizuri, asishike katikati.

"Kwani ni za kula?"