Majestic ya Vuga: je, ni televisheni iliyoifunga?

Kila linapotajwa jumba la sinema la Majestic, pale Vuga, Unguja, maelezo huwa ni yale yale: televisheni na video ziliwabakisha watu majumbani, mlango ukafungwa, na hakuna wa kulaumiwa. Wanaotaka jumba lirudishiwe kazi yake huambiwa wanaulilia ujana wao.

Hoja ya wanaoambia wenzao hivyo si ya kupuuzwa. Ukumbi mkubwa wenye paa pana hula fedha hata ukiwa mtupu, na ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukarabati una masharti yake. Duka hulipa kodi kila mwezi. Jumba jingine la sinema, Empire, karibu na soko la Darajani, liliishia kuwa duka.

Hata hivyo, hesabu ya televisheni haikai sawa. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Lau televisheni ndiyo iliyoua, kumbi za Unguja zingekufa miongo miwili kabla ya zile za Dar es Salaam, jambo ambalo halikutokea. Ni kweli kwamba si kila nyumba ilikuwa na seti, lakini majirani walitazama pamoja, na bado walikwenda sinema. Kaseti za video za miaka ya 1980 zilikuwa pigo zito zaidi, hilo nalikubali. Lakini kaseti ilileta picha tu. Haikuleta safari ya kwenda kuitazama, na kwa wanawake wa mjini safari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee: yalikuwapo maonyesho yao maalumu, ambamo walivaa, wakatoka kwa makundi, na wakalia kwa filamu ya Kihindi pasipo mwanamume wa kuwaangalia. Sebule ya nyumbani, yenye shemeji na wakwe, haikuweza kuwapa nafasi hiyo.

Isitoshe, jumba hili liliwahi kupotea likarudi. Lililotangulia, Royal, liliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kufikia 1955 Majestic ilikuwa imesimama mahali pake. Wakati ule kulikuwa na watu walioona inafaa kutia mtaji.

Tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha filamu hadharani katika Ngome Kongwe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Vuga. Mpinzani atasema tamasha ni la siku chache na lina wageni wengi, naye hatakuwa amekosea. Ila hakuna aliyedai kwamba Majestic ionyeshe filamu kila usiku: taarab, maigizo, harusi na mikutano vingeweza kulipia paa, na filamu zikabakiziwa jioni mbili tatu za wiki, moja kati ya hizo ikiwa ya wanawake peke yao.