Bosi, choo na muhtasari wa kikao

Kwenye njia ya Machame, ya kupandia Mlima Kilimanjaro, anayebeba choo cha wageni hulipwa ziada kidogo na huitwa majina mengi. Kundi la Desemba lile lilinipa cheo cha Waziri wa Maji Taka. Sikukataa. Wizara ni ndogo lakini haina likizo, maana mgeni anayekunywa lita tatu za maji kwa siku na kumeza Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko inayokojoza, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, huyo chooni ni kwake.

Kundi lenyewe lilitoka Dar, watu wa ofisi moja, wanapanda ili tarehe 9, sikukuu ya Uhuru, iwakute kileleni na bendera. Alikuwepo Bosi, mkurugenzi mwenye tumbo la mikutano. Alikuwepo Mama Mhasibu, aliyebakiza miezi sita kustaafu na hamwogopi mtu. Walikuwepo vijana wa masoko, simu mkononi muda wote. Na alikuwepo Katibu, kijana mwembamba mwenye daftari, ambaye kazi yake duniani ni kuandika yote anayosema Bosi na kuyafupisha wanayosema wengine.

Watu wa mjini hudhani choo cha mlimani ni ndoo yenye kiti. Siyo. Ni matangi mawili yaliyopandana. La juu lina kiti, maji safi na pampu ya kubonyeza. La chini ndilo la mzigo, lita ishirini na ushei, limeshikwa na la juu kwa vibanio vya pembeni. Katikati yake kuna bamba la plastiki linaloteleza, unalivuta kwa kishikio cha mbele, na limezungukwa na mpira. Bamba likifungwa sawasawa, tangi la chini halitoi maji, harufu wala siri.

Halitoi hata hewa, na hapo ndipo penye kesi.

Ukilifunga tangi asubuhi pale kambi ya Shira, kwenye mita 3,750 hivi, umelifungia na hewa ya Shira. Mchana uko Lava Tower, kwenye ule mnara wa mwamba, mita 4,600. Presha ya hewa ya nje imepungua karibu sehemu moja ya kumi, ila ile iliyofungiwa ndani haijapewa taarifa. Ongeza jua la asubuhi linalopiga begi jeusi mgongoni mwa mgumu (ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi), hewa ya ndani inapata moto na kutafuta pa kutokea. Ukiwa mvivu ukaacha mzigo wa usiku humo ndani, nao unachangia gesi zake. Ishara za jambo hili mgeni huziona mwenyewe: pakiti ya krispi aliyonunua Moshi mjini imevimba inataka kupasuka, kalamu ya wino inavuja, na Mama Mhasibu siku ya pili alifungua losheni yake ikatema nusu nzima kwenye soksi. Sasa kama losheni inatema, fikiria choo.

Kwa hiyo kuna utaratibu. Asubuhi tangi la chini linamwagwa kwenye shimo la choo cha hifadhi, kamwe si vichakani. Linasuuzwa kwa maji kama lita mbili, kisha linawekewa lita moja ya maji na dawa ya buluu. Mpira unafutwa kwa kidole, maana punje moja ya mchanga wa volkano inatosha kulivujisha begi lote, na mgongo unaolowa si wa mgeni. Halafu mpira unapakwa mafuta ya silikoni kidogo sana. Wapishi hupenda kukuonea huruma na kukupa mafuta ya alizeti. Usiyapokee. Siku mbili bamba litateleza vizuri, siku ya tatu mpira umevimba na bamba limegoma, na hapo hata mpishi mwenyewe hatakufahamu.

Ukifika kituo kipya, kabla mtu hajakalia, unafunga mfuniko wa kiti, unavuta kishikio polepole, upana wa kidole tu, unasubiri. Kitatoa pumzi: fyuuu. Kikimaliza unarudisha bamba. Sisi tunasema kukikohoza choo. Choo kisichokohoa hakikaliwi.

Haya yote niliyaeleza jioni ile Shira, ndani ya hema la mesi, la kulia chakula, choo kiko mbele yangu mezani kama mgeni rasmi. Kiongozi mkuu alikaa pembeni akiitikia kwa kichwa. Mama Mhasibu aliuliza maswali ya maana. Bosi peke yake hakuwepo. Alikuwa nje, juu ya jiwe linaloshika mtandao, anafokea mtu wa Dar kuhusu zabuni. Nilipotaka kumsubiri, Katibu akaniambia, "Endelea tu, Mangi. Bosi huwa anapelekewa muhtasari."

Basi nikaendelea.

Kesho yake tukapanda. Siku ya Lava Tower ndiyo siku mlima unapoanza kuwajua watu kwa majina. Mabegi ya wageni hayapiti huko. Wagumu wengi hukata kwa njia ya chini kwenda kambi ya Barranco moja kwa moja, wageni wanapandishwa juu ili miili izoee, wale chakula cha mchana, kisha washuke kulala chini. Juu tulipanda wachache: mpishi, mhudumu, aliyebeba hema la mesi, na mimi na wizara yangu. Jua lilikuwa kali tangu saa moja asubuhi. Begi lilikuwa la moto hadi nalisikia kupitia koti.

Pale Lava Tower ardhi ni mwamba na kokoto, vigingi haviingii. Kihema cha choo kina kimo cha mita mbili, chembamba, na hakina sakafu. Kukisimamisha unafunga kamba zake nne kwenye mawe, kila jiwe kilo kumi na kuendelea, la sivyo upepo unaondoka nacho. Nikakisimamisha, nikaingiza choo ndani, nikafunga kamba mbili, nikaenda kutafuta mawe ya zile mbili zilizobaki. Mawe ya kufaa hayakuwa mbali, kama hatua thelathini.

Nikiwa nimekumbatia jiwe, namwona Bosi anakuja. Hatembei polepole kama alivyofundishwa. Anakuja kwa hatua fupi za haraka, magoti yamebanana, uso wa mtu anayehesabu sekunde.

"Bosi! Subiri kidogo! Hakijakohoa!"

Akasimama mlangoni. Akanitazama kwa dharau. Akakohoa. "Kho! Kho!" Viwili, vya kusudi, vya kiume.

"Nimeshakohoa!" akajibu, zipu ikashuka nyuma yake.

Sikuelewa. Niliachia jiwe nikaanza kukimbia, lakini kwa mita 4,600 hakuna mbio. Oksijeni ya kila pumzi imezidi kidogo tu nusu ya ile ya Dar, miguu inatoa amri na mapafu yanaomba ifikiriwe upya. Nilipofika hatua kumi kutoka kihemani nikasikia pampu ya maji inabonyezwa. Maana yake shughuli imeisha, bakuli limejaa, bamba bado limefungwa, na Bosi sasa ameinama anatafuta kishikio.

"Usivute!"

Akavuta. Na kwa kuwa alivaa glavu nene na vidole vilikuwa na ganzi (Diamox huleta ganzi hiyo, haina ubaya), hakuvuta upana wa kidole. Alivuta kama konda anayefungua mlango wa daladala.

Ikalia "FYUUU-PWAA!"

Kwa kawaida kila kitu chooni hushuka chini. Siku ile kilipanda: ya kwenye bakuli, maji ya pampu na ile lita ya dawa ya buluu, vyote vikatafuta mbingu, na katikati ya safari vikamkuta mkurugenzi ameinama anachungulia.

Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti, "YESU NA MARIA!" Kisha kihema kikanyanyuka.

Nimesema hakina sakafu, na kamba zilizofungwa ni mbili. Moja ikakatika, nyingine ikaja na jiwe lake. Kihema kikaanza kutembea. Kikatoka kwenye miamba, kikageuka kushoto, kikakosea njia, kikarudi, kikaelekea mesi, na jiwe linaburuzika nyuma ya kamba. Kunguru wawili wakubwa wenye shingo nyeupe, wale wanaoiba hadi mayai ya kuchemsha, waliruka kwa hofu. Kundi la Wajerumani lililokuwa linakula karibu liliweka masufuria chini na kutoa kamera. Mama Mhasibu alisimama na kikombe cha supu: "Jamani, hema limepandisha mapepo!"

"Kaa chini, Bosi! Kaa chini!" Kiongozi mkuu alipiga kelele, lakini hakukuwa na haja. Nilihesabu hatua kumi na mbili, pumzi ikaisha, kihema kikaketi chenyewe.

Tulipofungua zipu, Bosi alikuwa buluu kuanzia paji la uso hadi kifuani, pamoja na mambo mengine. Kilichomwokoa ni miwani ya jua, hakuivua hata mle ndani. Dawa ile haifai machoni. Ikiingia unasafisha kwa maji mengi dakika kumi na tano bila kusimama. Yeye machoni alikuwa salama. Alipoivua, ikabaki miduara miwili ya rangi yake halisi, nayo inatutazama.

Kumcheka mkurugenzi wako ni suala la ajira. Kijana wa masoko mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya zipu. Mwingine alienda nyuma ya jiwe, tukamsikia. Katibu alitazama daftari. Mama Mhasibu peke yake ndiye aliyecheka hadharani, akaweka kikombe chini, akacheka hadi akaanza kuumwa kichwa, kiongozi akamwambia apunguze maana kucheka huko nako kunakula oksijeni.

Maji ya moto ya kunawia wageni yote yakamwishia Bosi, na sabuni ya kipande. Harufu ilitoka. Rangi haikutoka yote, ila ilipauka. Tatizo likawa nguo. Suruali na koti vimelowa, kiwingu kimeanza kupanda, na begi lake liko Barranco tangu saa tano asubuhi. Ukikaa umelowa kwenye baridi ile, hata saa moja haiishi kabla hujaanza kutetemeka vibaya. Ikabidi tuchangishane. Mpishi akatoa koti lake lenye harufu ya vitunguu. Mhudumu akatoa kofia ya Simba, na Bosi ni Yanga wa kufa. Suruali ya ziada kwenye begi la mgongoni alikuwa nayo Mama Mhasibu tu: taiti ya pinki, ya sufu ndani, nzuri sana kwa baridi. Na kwa kuwa taiti ilikuwa inatangaza mambo ya mkurugenzi kuliko inavyofaa, akaongezewa kanga ya kujifunga kiunoni.

Kushuka kwenda Barranco, mita 3,960, ni saa mbili hivi kwa mwendo wa mgeni, unapita bonde la ile miti mikubwa ya senesio na lobelia. Bosi alishuka mbele, kimya, na nyuma yake maandishi ya kanga yanasomeka vizuri kabisa: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Kambi nzima ya Barranco ilisoma. Wagumu wa makampuni mengine walisimama kutupisha, na njia ni yao.

Jioni, mesi. Bosi amevaa nguo zake, shingo bado ina buluu. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya hatari, "Katibu. Nisomee muhtasari wa jana."

Katibu akafungua daftari. Kurasa mbili nzima zilikuwa juu ya bendera na nani atasimama wapi kwenye picha. Kisha akafika mwisho, akameza mate.

"Mengineyo. Wajumbe walielekezwa matumizi ya choo. Wanakumbushwa kukohoa kabla ya kukalia."

Ndipo nikaelewa ile "kho kho" ya mlangoni. Mtu alitii maelekezo kama yalivyomfikia.

Mama Mhasibu alitoka nje ya hema. Bosi aliangalia taa kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. "Waziri, nieleze tena. Wewe mwenyewe. Tangu mwanzo." Nikaleta choo mezani.

Siku mbili baadaye tulikuwa kambi ya Barafu, mita 4,673, ambako kila tone la maji tunalipandisha kutoka mto Karanga. Saa tano usiku watu wanaamka kujiandaa na kilele. Baridi ya pale hugandisha bamba kwenye mpira. Ukilivuta kwa nguvu unavunja kishikio, kwa hiyo unamimina kikombe cha maji ya uvuguvugu kuzunguka mpira, unangoja dakika mbili, ndipo unavuta. Nilipofika na kikombe nikamkuta Bosi tayari yuko mlangoni, taa kichwani, mkono mmoja umezuia foleni ya watu wake wanaorukaruka kwa mguu mmoja mmoja.

"Hakuna anayeingia. Rudini nyuma hatua kumi."

Nikamimina, nikangoja, nikampisha. Alichuchumaa, akafunga mfuniko, akavuta upana wa kidole, uso ameugeuzia pembeni. Fyuuu. Akarudisha bamba, akasimama, akajifuta mikono.

"Mama Mhasibu, karibu."

Kutoka mwisho wa foleni Katibu akanyoosha mkono, daftari limebanwa kwapani, meno yanagongana. "Bosi, na hili niliandike?"

"Andika. Kwa kirefu."