Zamu Alishika Ngazi

Juzi umeme ulirudi Katuba, hapa kwetu Lubumbashi. Watoto wa avenyu nzima wakapiga zile kelele, na mimi nikakohoa kama baba mwenye lupango, kiwanja chake na nyumba yake, nikabonyeza swichi. Giza. Jirani wa kushoto anawaka, wa kulia mpaka friji inaunguruma. Kutoka nje: toka nguzoni mpaka ukutani kwangu hakuna waya! Kumbe tumeibiwa siku tatu nzima. Sasa mtu akikukatia waya umeme haupo, utamjua na nini?

Nikamwita zamu, mlinzi wangu wa usiku. Mzee ni rika la marehemu baba, kwa hiyo hata hasira unamtolea kwa heshima.

"Mzee, kuna mtu alipanda pale juu?"

"Ndiyo, shefu. Yule wa umeme. Jumapili, saa nane ya usiku."

"Mzee, mtu wa umeme tunamwita mchana, tunampa hela ya teksi, haji. Huyu kaja mwenyewe saa nane ya usiku?"

"Hata mimi nilishangaa, shefu. Nikasema, kumbe nchi inaendelea."

"Alipanda na nini?"

Mzee akaangalia ukutani. Nikaangalia na mimi. Ngazi yangu.

"Nilimshikia, shefu. Ilikuwa inacheza. Angeangukia kwako, kesi ingekuwa yako."

"Na ngazi aliirudisha?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Mwenyewe, kwa mikono yake. Ni mtoto mwenye adabu. Aliniachia na franka mia tano za sigara."

"Sasa mzee, si ungepiga hata sufuria, majirani waamke?"

"Sufuria ya zamu iliibiwa mwezi jana, shefu. Nilikuambia."

Kweli aliniambia.

Mji huu umekaa juu ya shaba tangu 1910. Shaba inapita mbele yetu kwenye malori, usiku na mchana, kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Yote hiyo hawakuiona, wameona mita kumi na tano za kwangu!

Na usiniambie habari ya kujilinda. Kadena, kufuli ya mlango, nilinunua, wakaacha mlango wakabeba kadena. Vipande vya chupa nilipanga juu ya ukuta, na mpaka leo aliyekatwa ni mmoja, mimi, siku niliyosahau ufunguo. Mbwa, tuache. Asubuhi hii tena simu: "Papa, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie." Nikaangalia, franka 80 zangu zimelala peke yao. Ningekuwa na bahati ya kutumiwa pesa kwa makosa, ningekuwa hapa?

Basi tumerudi kwenye makala, yaani mkaa, ili bukari, ugali wetu, ipikwe. Nimefungua gunia jana: juu makala, katikati majani, chini kabisa jiwe kubwa kama kichwa cha mtu. Nimenunua jiwe kwa bei ya makala! Nikampa mzee, nikamwambia, hili ni la mwizi akirudi.

Leo asubuhi nimelikuta chini ya ngazi. Ameliegemeza pale, isicheze tena.